Kuuliza mtaani: siku saba kutoka Wete hadi Tunguu na Chukwani

Nimerudi Wete, kwetu Pemba, wiki iliyopita na miguu bado inauma. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari langu la maandalio ya somo (mie mwalimu wa msingi, karatasi tupu hainipiti), risiti mbili tatu, na picha za simu ambazo nusu yake ni milango ya watu na bati za watu.

Safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya kumtafutia chuo kikuu Unguja binti wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha sita kwa C moja na D mbili. Anataka sheria. Kaka anataka chuo cha serikali, na tangu matokeo yatoke alikuwa na neno moja tu: vyuo vya watu binafsi ni vya waliokosa. Tulibishana mpaka karafuu za msimu zikapimwa na pesa ikapatikana, ndipo akanambia: "Basi nenda nae ukatizame. Lakini chuo chenyewe usikiulize, watakupa karatasi nzuri ya rangi. Uliza majirani."

Sikucheka, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwenye posa. Bwana harusi humuulizi habari zake mwenyewe, unakwenda mtaani kwao. Unakaa kwa muuza duka, unanunua kiberiti usichokihitaji, unauliza.

Jumapili: Wete, Mkoani, Malindi

Gari ilitupitia saa kumi na nusu alfajiri, moja ya zile zinazokusanya abiria wa boti mlango kwa mlango. Elfu tano kwa kichwa hadi Mkoani. Ukitaka rahisi, panda daladala 606 hadi Chake kisha 603 hadi Mkoani, lakini kwa boti ya asubuhi hesabu hiyo haitoki. Lala Mkoani usiku wake.

Mizigo: sanduku la binti, ndoo ya halua ya Wete, mkungu wa mkono wa tembo. Boti ilikuwa iondoke saa moja na nusu. Iliondoka saa tatu na robo, na hakuna aliyekuja kutwambia kwa nini. Tulikaa chini ya mwembe kwa mama muuza chapati, chai ya rangi mia tatu. Akauliza tunakwenda wapi.

"Nampeleka huyu chuo."

Akamtizama binti juu mpaka chini. "Mkubwa vile bado hajahitimu juzuu?"

Tulicheka sote, yeye zaidi. Kwetu ukisema mtoto yuko chuoni, yuko mbele ya mwalimu na msahafu. "Hicho chengine," akasema, "sema yunivasiti, tukufahamu." Nililiandika hilo palepale bila kujua kwamba litarudi.

Kusi lilikuwa halijamaliza hasira zake. Baada ya Mkoani kupotea machoni, boti ilianza kupiga, na mifuko ikagawiwa. Bibi mmoja wa Kengeja niliyekaa nae, sijawahi kumuona na huenda nisimuone tena, alitoa ndimu kwenye ncha ya leso, akaikata kwa meno na kumtia binti puani. Akamshika kichwa hivyo mpaka tukaiona minara ya mawasiliano ya Nungwi. Ndimu, basi. Chukueni ndimu.

Bandarini Malindi, mjini Unguja, mchukuzi alitaka elfu kumi kwa sanduku moja na ndoo. Tukashuka hadi elfu tatu. Teksi elfu ishirini hadi Fuoni tuliikataa, tukatembea hadi Darajani na kupanda gari ya Fuoni. Kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, tulikuta urojo mezani. Sikumbuki kingine cha siku hiyo.

(Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiwe mkononi, si ndani ya sanduku. Kinatakiwa kwenye tiketi, kinatakiwa chuoni, na sheha, kiongozi wa serikali mtaani, pia atakitaka.)

Jumatatu: Tunguu

Tulisimama barabarani Fuoni saa moja na nusu. Gari za Makunduchi na Jambiani zilipita zimejaa, watu wameshika chuma nje. Ya tatu ilisimama, tukasukumwa ndani na mwanamke mwenye tenga la tungule. Elfu moja kila mtu. Pale Kibonde Mzungu dada yangu, ambae alitusindikiza, alinyoosha kidole: hapa masika maji yalikuwa yakikata njia, watu wanavuka kwa mgongo wa mtu.

Neno kwa atakaekuja: usimwambie konda "nishushe chuoni". Atakuuliza kipi, na gari nzima itakutizama. Tunguu siku hizi kuna Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kuna Chuo cha Utawala wa Umma, na kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho wengi wanakiita ZU na ndicho cha watu binafsi. Jina linachanganya watu. Mzazi mmoja niliyekutana nae alikuwa amekwenda kwa SUZA kutafuta karatasi za ZU, kwa kuwa kwake yeye "cha Zanzibar" hakiwezi kuwa si cha serikali.

Ndani ya ZU tulikaa saa moja na nusu. Tulipokewa vizuri, tukapewa karatasi ya rangi kama alivyosema kaka, tukasoma ada mara mbili. Imevuka milioni moja kwa mwaka, na hapo hujala wala hujalala. Binti akanyamaza. Nami nikasema sasa twende kwa majirani.

Njia ya nyuma ni ya udongo mwekundu, miembe na mifenesi, na katikati ya miti nyumba mpya zinachomoza kama meno ya mtoto. Nyumba zenyewe ni safu ya milango: mlango, dirisha, mlango, dirisha. Ukiona hivyo, ni vyumba vya wanafunzi.

Bibi wa nyumba ya kwanza alikuwa anakuna nazi uani, amekaa juu ya mbuzi. Tulipiga hodi, akatukaribisha bila kusimama. Ana vyumba sita. Elfu sabini kwa mwezi, anataka miezi sita mbele, maji ya kisima, umeme kila mtu na mita yake. Kando ya kila mlango, ukutani, kuna mistari ya mkaa. Nilidhani ni watoto wamechora. Ni hesabu yake: kila mstari mwezi uliolipwa, na ukipigwa mkato juu, mwaka umekwisha. Mlango wa mwisho una mistari minne na mkwaju mrefu uliopinda.

"Yule aliondoka usiku," akasema. "Wa Bara. Kijana mzuri, akinitekea maji. Lakini aliondoka usiku."

Nikamuuliza chuo anakionaje. Aliendelea kukuna nazi.

"Chuo chenyewe sikijui, mwanangu. Nawajua watoto wake. Nikitaka kujua chuo kimekuwaje mwaka huu, natizama mtoto akirudi jioni anasalimia au anapita kama mbuzi."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu wanasalimia."

Akanambia mengi, na sehemu niliyoandika ni hii. Kabla ya chuo hapa palikuwa pa muhogo na machungwa, na mumewe alikuwa akipeleka machungwa mjini kwa gari la ng'ombe. Pesa ya vyumba viwili vya mwanzo ilitoka kwenye kipande cha shamba walichouza, na vinne vilivyofuata vimejengwa na wapangaji wenyewe, yaani kwa kodi zao. Mwezi wa likizo ukija kijiji kinakufa, hakuna hata wa kununua muhogo wa kuchemsha. Wasichana ndio anaowapenda kuwapangisha, ila wanapika kwa koili na wanaimba. Wavulana hawaimbi lakini wanaleta wageni.

"Na watoto wa hapa wanasoma?"

Hapo akasimamisha nazi. Akahesabu kwa vidole akitaja nyumba, si majina: nyumba ya mwenye duka, nyumba ya kwa sheha, nyumba ya kule kwenye mfenesi. Vidole vitatu, cha nne akakifikiria na kukirudisha. Mjukuu wake mmoja alipata nafasi, ada ikamshinda, sasa yuko hotelini Paje.

"Umewahi kuingia ndani?"

"Ya geti? Mara moja. Siku ya mahafali ya mpangaji wangu wa Micheweni, mama yake hakuweza kuvuka bahari, akanambia bibi twende ukae mahala pa mama. Nikavaa buibui jipya." Akafuta mikono. "Hajanifukuza mtu pale. Na hajanambia mtu karibu. Mie na wao tunapitana njiani."

Nimefundisha miaka kumi na tisa, na nadhani nilisikia mule jambo ambalo mikutano yetu ya wazee haijawahi kulisema vizuri hivyo. Skuli yangu mwenyewe ina ukuta. Wazee huingia tunapowaita kwa fujo za watoto wao.

Tulipotoka, mtoto wa kiume wa miaka minane hivi alituuzia karanga, mia mbili kwa koni. Binti akafungua yake, akasimama katikati ya njia. Koni ilikuwa ukurasa wa maelezo ya sheria ya mirathi, fotokopi, Kiingereza kitupu. Juu ya kila neno gumu mwanafunzi fulani ameandika Kiswahili kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo kama chawa. Mtoto akasema mama yake ananunua karatasi hizo kwa kilo wanafunzi wakihama. "Za sheria ndio nzuri," akasema, "ngumu, hazipitishi mafuta."

Tukanunua koni nne zaidi. Tatu zilikuwa za uhasibu.

Mchana kwenye baraza ya duka, kahawa mia moja kikombe, wanaume watano na bao moja. Nilinunua kiberiti. Walipojua nimetoka Wete na sababu iliyonileta, bao lilisimama. Mzee mmoja, aliyekuwa karani zamani, ndiye aliyejua tarehe: chuo hiki kilianza 1998, miongoni mwa vya kwanza Zanzibar nzima, na waliokileta ni jumuiya ya Kiislamu ya Darul Iman. "Sheria ya kuanzisha SUZA imepita mwaka uliofuata, na masomo yao yameanza 2001. Kwa hivyo hicho kiitwacho cha serikali ndicho kidogo." Kabla ya hapo, akasema, mtoto akitaka digrii alikuwa avuke: Dar es Salaam akibahatika, au Khartoum, au Misri, na wengine hawakurudi.

"Tulipoambiwa chuo kikuu kinakuja Tunguu," akadakia mwenzake, "tulicheka. Nani atakuja kusoma porini? Leo pori limebaki kwenye jina la mashamba."

Lakini wa tatu alisema lile neno la kaka yangu, kwa ukali zaidi: "Private ni pesa. Ukilipa umepita."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake chini ya mti akanyanyua kichwa. "Mie nimelipa," akasema. "Muhula wa pili nikafeli masomo mawili, nikarudia na nikalipia kurudia. Niambie hiyo pesa ya kupita inalipwa dirisha gani." Ana digrii, hakutaja ya wapi nami sikumuuliza. Watu wakacheka, yule mzee mkali nae akacheka, lakini nilimuona akimtizama yule kijana na pikipiki yake, na swali lililobaki usoni pake halikuwa la ada.

Hapa niweke sawa jambo, kwa kuwa nimeulizwa na watatu tangu nirudi. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita kinawekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na ni kilekile kwa chuo cha serikali na cha binafsi: ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi nne. A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Mwenye D mbili anafika. Chuo au fani inaweza kutaka zaidi ya hapo, na zenye waombaji wengi hupandisha, lakini kushusha haiwezi. Binti wetu na C yake na D yake ana tano. Kwa hiyo "waliokosa" wa kaka yangu wamekosa nafasi. Sifa wanazo. Nilimtumia ujumbe huo kwa simu usiku uleule. Alijibu: "Sawa. Majirani wamesemaje?"

Jumanne: Chukwani

Chukwani ni upande mwengine kabisa, kusini ya uwanja wa ndege, baharini. Usipange Tunguu na Chukwani siku moja kwa daladala. Kutoka Fuoni tulipanda gari mbili na kutembea, na jua lilikuwa la kukaanga. Baba mmoja mwenye gari ya mchanga alitusimamia bila kupungiwa mkono, akatushusha karibu na geti na kukataa pesa. "Wangu nae alisoma hapa," ndilo alilosema.

Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Abdulrahman Al-Sumait, SUMAIT kwa mkato. Watu wazima wa mtaa bado wanakiita "Chuo cha Ualimu" au "kwa Wakuwaiti". Nacho kilianza 1998, kwa mfuko wa Africa Muslims Agency ya Kuwait, na jina la sasa ni la daktari Mkuwaiti aliyeianzisha jumuiya hiyo, aliyefariki 2013. Mie jina hili nalijua kwa njia nyengine: wengi wa walimu waliokuwa wakitumwa kwetu Pemba kufundisha sekondari, ukiwauliza wamesoma wapi, wanasema Chukwani.

Na mtaa wenyewe una hadithi mbili zilizokaa karibu. Kuna gofu la kasri la Sayyid Barghash, kuna Baraza la Wawakilishi na gari zake nyeusi, halafu kuna wavuvi. Chuo kiko katikati ya hayo yote, nacho kinaonekana kidogo kuliko nilivyotarajia.

Tulikula kwa mama muuza muhogo wa kukaanga na pweza. Sahani elfu mbili, pilipili ya ukwaju juu, na pweza laini mpaka binti akasahau bahari ya Jumapili. Mama alianza na karai moja alipokuwa na mimba ya mwanawe wa mwisho, na sasa ana makarai matatu na msichana wa kumsaidia. Chuo kwake ni saa: saa nne wanatoka, saa saba wanatoka, saa kumi wanatoka. Wakati wa mitihani wanakula sana na hawalipi mpaka mwisho wa wiki. Anawaandika? "Nawajua kwa sura. Asielipa mie simdai. Anapita njia ya mbali, nae muhogo anautaka. Atarudi."

Mzee wa msikitini, aliyekuwa akishona kofia kizingitini kwake, alikisifu zaidi ya wote niliowasikia safari nzima. Wanafunzi wanasaidia kusomesha watoto jioni, msahafu na hesabu, bila ya malipo. Nikamuuliza kwa kutega: jioni wanasomesha wapi?

"Chuoni."

"Kipi?"

Akashusha kofia yake na kucheka. "Cha watoto, mwalimu. Lakini umeuliza vizuri. Zamani tulikuwa tukisema chuo na chuo kikuu, kama mtoto na kaka yake. Sasa kaka anamfundisha mtoto."

Si wote. Pwani, kijana anaeziba mtumbwi alitusikiliza kwa adabu kisha akasema anavyoona yeye. Hakutaja mahali. Alisema ni vyuo vya watu na hoteli za watu, popote kisiwani: "Wakija wanasema ajira kwa wazalendo. Sie tunapewa geti na fagio, ofisi inakuja na wenyewe." Bei ya kiwanja pia imepanda, nae anataka kuoa. Binti akamwambia, bila ya mie kutarajia, kwamba ofisi inataka cheti na cheti kinatoka mle ndani. Kijana akamjibu kuwa anajua, ila ada ya mle ndani ni mashine ya boti mpya. Wakatizamana. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na sikuwa na la kuongeza, nikapiga picha ya mtumbwi.

Jumatano: mvua na stationeri

Mvua kutwa. Nilikaa foleni ya fotokopi Mwanakwerekwe, mia kwa ukurasa, nakala za vyeti, picha za pasipoti elfu tatu. Sina zaidi.

Isipokuwa hili la mkopo, kwa kuwa kwenye foleni kila mtu alikuwa na habari yake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo tangu 2011, na ile ya Jamhuri ya Muungano, HESLB, inakopesha hata walioko vyuo binafsi vilivyoidhinishwa. Wengi hawaombi kwa kudhani chuo binafsi kimewatoa. Ombeni, mnyimwe na bodi wenyewe. Na cheti cha kuzaliwa kihakikishwe mapema, kile cha binti kilikuwa na herufi moja ya jina imezidi na kilitugharimu asubuhi nzima.

Alkhamisi: Tunguu tena

Binti amechagua Tunguu. Alisema kwa sababu ya sheria. Mie naamini pia ni kwa sababu ya bibi wa mbuzi.

Tulirudi na miezi mitatu ya kodi badala ya sita. Nilijitayarisha kubishana. Bibi alihesabu noti, akaenda ndani, akarudi na kipande cha mkaa, akachora mistari mitatu kando ya mlango wa pili. Ndio mkataba. Dada yangu, mtu wa mjini, akasema hapana, twende kwa sheha. Sheha alikuwa shamba. Tulimngoja hadi saa nane, na wakati huo bibi akapika: wali, mchuzi wa changu, kisamvu cha nazi, na halua yetu wenyewe tuliyomletea akatupakulia sisi. Sheha alipofika aliandika karatasi, akagonga muhuri, akamuuliza binti swali moja: "Utakapomaliza, utapita hapa kutusalimia?" Akamwambia wanaomaliza huondoka na mabegi usiku wa mahafali, na kijiji hakijui nani amekuwa nani. Kuna hakimu mmoja, alisikia redioni, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale.

(Andikeni kwa sheha. Tizameni kisima mvua ikinyesha, si kiangazi. Ulizeni choo ni cha watu wangapi. Na muulizeni mpangaji anaehama, huyo hana cha kuficha.)

Ijumaa na Jumamosi: kurudi

Ijumaa sala, pilau kwa dada, kuaga. Binti alibaki Fuoni kungoja chuo kifunguliwe. Mie Jumamosi boti, bahari shwari kama sahani, na kutoka Mkoani nilipanda 603 kisha 606 nikiwa sina haraka. Njia nzima majamvi ya karafuu yameanikwa pembezoni, watoto wanazigeuza kwa miguu, na harufu inaingia dirishani mpaka kwenye mate.

Kaka alikuwa anangoja barazani. Nilimpa karatasi ya ada, ya sheha, risiti. Alizisoma kwa mpangilio huo na hakusema kitu. Kisha nikampa koni ya karanga, ilikuwa bado ina karanga saba nane. Akala, akaikunjua, akaisogeza kwenye mwanga. Kiingereza hakijui. Alisoma ya kalamu ya risasi, kwa sauti, taratibu.

"Kwanza sanda na mazishi. Pili madeni ya maiti. Tatu wasia, usizidi thuluthi. Nne..."

Karatasi imekatwa hapo. Akaigeuza nyuma, nyuma kuna mafuta tu. Kaka yangu ana kesi ya mikarafuu na watoto wa ami yetu huu mwaka wa sita, na ya nne anaijua kuliko aliyeiandika.

"Hii wanatumia kufungia karanga?"

"Kwa kilo."

Akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa kanzu. "Mwambie binti," akasema, "zake asiziuze."